Kwa Nini Bado Tuko kwa Ubuntu: Historia ya Mashini Zetu



Jumamosi ya juzi, kwenye chumba chetu cha kompyuta hapa Kigali, ugomvi wa zamani umerudi tena. Mdogo wetu mmoja aliyefika kutoka Mahama kutafuta masomo aliwasha mashini, akaangalia skrini, akauliza: “Hii ni Windows gani?” Tukamwambia si Windows, ni Ubuntu. Akasema, “Basi nipeni ile nzuri.” Tulicheka, lakini si wote. Ndani ya kikundi chetu kuna wanaofikiri kama yeye, na wako na sababu zao. Ndiyo maana tumeamua kuandika hii historia: namna sisi wakimbizi, watu wasiokuwa na pesa ya kuchagua, tulivyojikuta tumefungamana na mfumo mmoja miaka yote hii.

Kwa wale ambao neno ni geni: mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe cha kuwasha. Ndiyo inayoongoza diski, kibodi, skrini, na kuamua programu gani ifanye kazi. Windows ya kampuni ya Microsoft ni mfumo. Apple wako na wa kwao. Linux ni familia nzima ya mifumo, na Ubuntu ni mtoto wa hiyo familia. Simu za Android nazo zimejengwa juu ya kiini cha Linux, kwa hiyo yule anayesema hajawahi kugusa Linux huenda anaisomea hii makala mkononi.

Watu wengi wanafikiri Linux ilifika Rwanda na wataalamu wa juu. Hapana. Ilifika na watoto wa shule ya msingi. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza kwamba atatengeneza laptopi ya dola 100 kwa watoto wa nchi maskini. Bei haikushuka mpaka hapo, ilibaki karibu dola 200, lakini laptopi zenyewe zilitoka. Rwanda ilianza kuzigawa 2008, na baada ya miaka michache zilikuwa zimepita 200,000, hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyofika huko. Mnazikumbuka: ndogo, kijani na nyeupe, na masikio mawili juu yanayofunguka kushika mtandao, na kibodi ya mpira ili maji na vumbi visiingie. Memori yake ilikuwa MB 256 tu. Leo simu ya bei ya chini kabisa inaishinda mara nyingi.

Ndani yake hakukuwa na Windows. Kulikuwa na Linux, na juu yake sura ya kitoto iliyoitwa Sugar. Hakuna mafolda. Unaona duara, katikati kuna alama ya mtoto, na pembeni kazi anazoweza kufanya: kuandika, kuchora, kupiga picha, kuongoza kobe achore mistari. Wenzetu waliosoma na watoto wa Wanyarwanda kwenye shule za serikali walizigusa. Wengine tulizionea dirishani tu. Mmoja wetu anasema mpaka leo akisikia neno kompyuta anaona kwanza ile rangi ya kijani.

Halafu zikazeeka. Betri zikafa, chaja zikapotea, na mwalimu ambaye hakufundishwa Sugar alizifungia kabatini ili asije akaulizwa moja ikipotea. Mwaka 2015 kampuni ya Positivo BGH ikaanza kuunganisha laptopi hapa hapa Rwanda, na hizo zilikuja na Windows. Watoto waliokuwa wamezoea kobe wakaambiwa sasa wajifunze upya. Hakuna aliyewauliza wanapenda ipi. Hili tunalisema makusudi, juu wengi wakizungumza habari ya kupenda mfumo fulani wanasahau kwamba mfumo wa kwanza mtu anaupokea tu, kama anavyopokea lugha ya nyumbani kwao. Anayekuletea mashini ndiye amekuchagulia.

Nje ya shule, Kigali ilikuwa mji wa Windows, na bado. Ingieni papeteri yoyote kati ya Nyabugogo na Kimironko, pale wanapochapa, wanatoa fotokopi na kujaza maombi ya Irembo. Windows XP ilitoka 2001, na Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Ni zaidi ya miaka 12. Windows 7 ilitoka 2009, ikaachwa Januari 2020, lakini mpaka leo kuna papeteri ambazo ukiingia unaisikia ile sauti yake ikiamka. Mwenye duka anakwambia: “Hii ninaijua, haijaninyima chakula.” Huo pia ni uaminifu, na hatuudharau. Ila nakala nyingi zilikuwa za kunakiliwa, CD inapita mkono kwa mkono, hazipati marekebisho ya usalama. Kwa hiyo zikawa nyumba ya virusi. Tutarudi kwa virusi.

Ubuntu ilitufikia kwa mtu. Kambini tulikuwa na mwalimu mmoja, mkimbizi kama sisi, ambaye zamani alifundisha Bukavu. Katika vitu vichache alivyotoka navyo kulikuwa na bahasha ya karatasi yenye CD mbili, na juu yake picha ya watu walioshikana. Moja ya kuingiza mfumo, nyingine ya kuujaribu bila kugusa diski. Alituambia aliiomba kwa intaneti na ikafika kwa posta, bure, bila kulipa hata stempu. Tulidhani anatudanganya. Lakini ni kweli, huo mpango wa kutuma CD ulikuwepo tangu mwanzo wa Ubuntu mpaka 2011, mtu popote duniani anaomba, wanamtumia.

Aliyelipia ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Huyu aliuza kampuni yake ya usalama wa intaneti 1999 kwa mamia ya mamilioni ya dola, na Aprili 2002 akaenda angani kwa chombo cha Warusi, Mwafrika Kusini wa kwanza kufika huko. Aliporudi akakusanya mafundi, wakachukua Debian, mfumo wa familia ya Linux ulioanza 1993, wakaulainisha ili mtu wa kawaida autumie. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 20 Oktoba 2004. Akaliita Ubuntu.

Hapo ndipo sisi tulipomsikiliza mwalimu vizuri. Dunia nzima ilibidi ifafanuliwe hilo neno, na wakafafanua kwa Kizulu na Kixhosa. Lakini kwetu nani alihitaji kufafanuliwa? Mnyarwanda na Mrundi wanasema ubuntu, ni utu na ukarimu. Na kitu cha ku buntu ni kitu cha bure. Neno moja linabeba bure na utu pamoja. Kiswahili chetu kina utu, mzizi ni ule ule. Mwalimu alisema Wazungu wanakaa kubishana kama programu ya bure ni bure ya bei au bure ya uhuru, sisi lugha yetu ilishamaliza huo ubishi.

Kusema kweli, hilo jina lilitufurahisha lakini halikutubadilisha. Kilichotubadilisha ni flashi.

Ilikuwa 2018, msimu wa maombi ya ufadhili wa DAFI, ule wa UNHCR unaosomesha wakimbizi chuo kikuu tangu 1992. Dada mmoja wa kikundi alikuwa ameskani karatasi zake zote: diploma, matokeo, kitambulisho, barua. Ziko kwenye flashi moja. Akaenda kuchapa mjini. Flashi ikaingia kwenye mashini ya pale, ikatoka na ugonjwa. Alipoifungua kwingine, mafolda yote yalikuwa yamegeuka vijialama vidogo visivyofunguka. Wakamwambia: “Dada, hakuna kitu ndani, tuifomati tu uanze upya.” Kuanza upya! Karatasi zenyewe zilikuwa kambini, na kutoka Kigali kwenda kuzirudia ni safari ya siku. Maombi yalifungwa usiku ule ule.

Akaja kwetu analia. Yaya mmoja alikuwa na laptopi mbovu mbovu yenye Ubuntu ambayo tulikuwa tunamcheka nayo. Akachomeka. Zikaonekana zote. Virusi vya aina ile havifuti faili, vinazisukuma kwenye folda isiyo na jina na kuiwekea alama ya kufichwa, ambayo Windows inaiheshimu. Ubuntu haijali ile alama, na kile kirusi chenyewe kimeandikwa kwa ajili ya Windows, hakiwezi kuamka mahali pengine. Ilichukua dakika tatu. Dada alituma maombi yake saa nne za usiku. Mwaka ule hakupata nafasi, alipata mwaka uliofuata, na mpaka leo akipita anauliza ile mashini iko wapi.

Baada ya hapo watu walianza kuleta flashi. Wa kikundi, wa kanisa, hata wafanyakazi wawili watatu wa mashirika ambao mashini zao ni nzuri kuliko zetu. Mnajua wenyewe maana ya karatasi kwa mkimbizi. Mtu mwingine akipoteza faili amepoteza kazi ya wiki. Sisi shule tuliyosomea imeungua au iko upande ambao haturudi, ile skani ndiyo shule. Wenzetu wa Gihembe walipohamishiwa Mahama mwaka 2021, kuna waliobeba flashi shingoni kama msalaba.

Basi tukaanza kuweka Ubuntu kwenye kila mashini iliyotufikia. Mara nyingi misaada inakuja na diski imefutwa, na ni sawa, wafadhili wanalinda siri zao. Lakini mashini bila mfumo ni sinia la plastiki. Leseni ya Windows ni pesa ambayo hatuna. Ubuntu tulipakua mara moja kwa Wi-Fi ya mjini, tukaitia kwenye flashi moja, flashi hiyo ikatembea. Na kibodi! Nusu ya mashini zinatoka Ubelgiji na Ufaransa, herufi zinaanza A-Z-E-R-T-Y. Sisi wa Kongo na Warundi vidole vyetu vimezoea hivyo. Wadogo zetu waliosoma Rwanda, ambako tangu 2008 serikali iliamua masomo yawe kwa Kiingereza, wanataka Q-W-E-R-T-Y. Tunabadilisha mpangilio ndani ya mfumo kwa kubonyeza mara mbili, halafu tunabandika vikaratasi juu ya vitufe. Hili hata Windows inaliweza, tusiibe sifa.

Kuhusu Kiswahili tulikuwa na ndoto. Mwalimu alitusimulia kwamba mwaka 2004, mwaka ule ule wa Ubuntu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Waswidi walikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu zote kwa Kiswahili. Microsoft nao wakafuata na Kiswahili chao kwa Windows na Ofisi. Tukasema, basi tuweke Kiswahili kwenye mashini zote! Tuliweka. Siku mbili. Nusu ya menyu ilitoka Kiswahili, nusu Kiingereza, na kile Kiswahili chenyewe kilikuwa cha Dar, wenzetu wa Kivu wakauliza “hariri” ni jina la nani. Rwanda yenyewe imekifanya Kiswahili lugha rasmi 2017, lakini kwenye skrini zetu tumerudi Kifaransa na Kiingereza. Ni kazi ya mtu kukaa na kutafsiri, na sisi wenyewe hatujakaa.

Sasa yale mabaya, maana historia isiyo na mabaya ni tangazo.

Kaka mmoja aliomba kazi kwenye shirika fulani. Fomu ilikuja kwa Word, imejaa majedwali. Akaijaza kwa LibreOffice, ndiyo programu ya kuandikia inayokuja na Ubuntu. Kwake ilionekana safi. Ilipofunguliwa kule, majedwali yameruka, majibu ya ukurasa wa pili yako wa tatu, mengine hayaonekani. Jibu likaja: fomu haijakamilika. Akakaa na sisi miezi miwili bila kusema neno juu ya Ubuntu, halafu siku moja akasema, “Nyinyi mnapenda mfumo, mimi nilitaka kazi.” Hatukuwa na jibu. Mwingine aliitwa kwa mtihani wa Excel, akafika akakuta vitufe haviko pale alipovizoea, dakika 20 kati ya 45 zikaisha anatafuta.

Tumejifunza kutuma PDF kila inapowezekana. Aina ya faili ya LibreOffice ni kipimo cha kimataifa, ISO waliipitisha 2006, lakini nenda kamwambie hivyo mtu wa ofisi mwenye fomu 300 mezani. Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, ombi moja hapa katikati: mkitutumia fomu, tumeni PDF ya kujazwa, au Word isiyo na majedwali ndani ya majedwali. Mnaweza kuwa mnamchuja mtu kwa sababu ya mashini yake.

Na Ubuntu yenyewe haikutuheshimu siku zote. Mwaka 2011 walibadilisha sura ghafla, watu wengi duniani wakakasirika, wengine wakahamia Linux Mint. Mwaka 2017 wakaitupa hiyo sura mpya. Sisi hayo hayakutugusa sana, tulikuwa tunatumia Xubuntu na Lubuntu, ndugu zake wepesi, kwa ajili ya memori ndogo. Lililotugusa ni jingine. Mashini zetu mbili za zamani kabisa ni za biti 32. Ubuntu wakaanza kuziacha hizo tangu mwisho wa 2017, na matoleo mepesi ya 2018 yakaachwa kuhudumiwa Aprili 2021. Mfumo wenye jina la utu ukatuambia mashini yenu imezeeka sana. Yaya wa ile laptopi alikasirika kama mtu aliyefukuzwa nyumba. Sisi tumehama vya kutosha, alisema, sasa na mashini nayo ihame?

Ikahama. Tuliipeleka Debian, kwa mama yake Ubuntu, toleo la 12 la mwaka 2023, ambalo bado linapokea biti 32. Toleo la 13, la Agosti 2025, halina tena njia ya kuliingiza kwenye mashini za namna hiyo. Hizo mbili ziko kwenye nyumba yao ya mwisho.

Ndiyo tunafika kwa ugomvi wa juzi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inakubali prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, yaani za kuanzia 2017 hivi. Mashini za misaada nyingi ni za kabla ya hapo. Shirika moja limetuletea tano, nzima kabisa, ambazo ofisi imeziondoa kwa sababu hiyo tu. Zamani tulikuwa tunatafuta mashini, sasa zinatupwa kwetu. Wengine wakasema tuziache na Windows 10 hivyo hivyo, bila marekebisho, kama papeteri na Windows 7 yao. Wengine tukakumbusha flashi ya dada. Tulibishana mpaka jioni, na mtu mmoja alitoka akabamiza mlango.

Tumepatana hivi. Tano zote zimepewa Xubuntu 24.04, ambayo itahudumiwa mpaka Aprili 2027. Zile mbili zinabaki Debian, kwa kuandika tu. Na mashini moja, mpya kuliko zote, ina Windows 11 halali pamoja na Word na Excel, kwa ajili ya wanaojiandaa na mitihani ya kazi. Kaka wa ile fomu ndiye anashika orodha ya zamu, saa moja moja. Sisi wenyewe tulimwomba.

Yule mdogo wetu wa Mahama alijiandikisha kwa ile ya Windows. Mbele yake kulikuwa na watu sita. Alisubiri kidogo, akaangalia saa, akahamia kwenye Xubuntu ya dirishani ambayo hakuna aliyekuwa anaigombania, akaandika barua yake yote, akaituma kwa PDF. Hakusema kama ni nzuri au mbaya. Alipoondoka aliacha flashi yake imechomekwa. Iko kwenye droo, anayemjua amwambie aje aichukue. Na kulikuwa na folda mbili zilizofichwa ndani yake, tumezirudisha mahali pake.